Slaidi imesafika, mkojo haujarudi: kisa cha fundi wa minara

Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, karatasi yake imebanduliwa. Dada wa mgonjwa aliiweka juu ya meza ya zamu, akaisogeza kuelekea dirishani ili niione vizuri. Ndani mlikuwa na kina cha vidole viwili hivi vya kitu cheusi kinachoelekea wekundu, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni ikachemka mpaka ikapungua nusu.

"Huo ni wa tangu jana asubuhi, daktari," alisema. "Wote ndio huo."

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mlangoni, kwenye kiti cha magurudumu, anaongea na simu. Anamweleza msimamizi wake wa kazi kwamba Jumatatu atakuwa ameripoti. Kuongea huko ndiko kulikomchelewesha. Hakupata degedege, hakuweweseka, alijua leo ni siku gani na yuko wapi. Kwa watu wengi, na hapa nawahesabu hata sisi wahudumu, malaria kali ni ile iliyopanda kichwani. Mtu anayeongea na bosi wake ana "malaria ya kawaida".

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, na umri, safari na vipimo nimevisogeza ili asitambulike mtu. Mwenendo wa ugonjwa wenyewe sikuugusa, maana ndio ninaoandikia.

Tumwite fundi. Ana miaka 34, kazaliwa na kukulia Arusha mjini, kazi yake ni kupanda minara ya simu na kubadilisha betri na antena. Kampuni ilimpeleka Kakonko, mkoani Kigoma, kwa wiki tatu. Kwenye nyumba ya wageni alikolala chandarua kilikuwapo, kimefungwa fundo juu ya kitanda, na fundo hilo hakulifungua kwa sababu ya joto. Alirudi nyumbani mzima. Siku ya tano baada ya kurudi, homa ikaanza.

Arusha na Kigoma ni nchi moja, lakini kwa malaria ni dunia mbili. Aliyekulia Kakonko huumwa malaria tangu mtoto, na akinusurika hufika utu uzima mwili wake umeshajifunza kuibana. Akiumwa, huumwa kidogo. Fundi hakuwahi kupata somo hilo. Mbele ya mbu wa Kakonko, damu yake ilikuwa ngeni sawa na ya mtalii aliyeshuka jana kutoka Ulaya. Malaria inayoangusha figo za mtu mzima hupenda watu wa namna hii, ndiyo maana miaka mingi taarifa nyingi za figo na malaria zilitoka India, Thailand na Vietnam, ambako watu wazima wengi hawana kinga. Kwetu tulizoea kusema ni jambo la nadra. Siku hizi hatusemi hivyo. Tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaolazwa kwa malaria kali wana figo zilizoumia, na mashariki ya nchi hiyo, upande wa Mbale, mkojo mweusi kwa watoto ni jambo linalojulikana vizuri wodini.

Sasa siku sita za kabla hajafika kwetu. Siku ya kwanza ya homa alipita duka la dawa, akachomwa sindano ya diklofenaki "ya kukata maumivu". Homa ikashuka, akalala. Siku ya pili ilirudi na kichwa kinapasuka. Akaenda zahanati, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, na slaidi, yaani tone la damu chini ya darubini, ikasomwa. Jibu aliloondoka nalo mdomoni lilikuwa "malaria mbili". Alipewa dozi ya mseto, vidonge 24. Akameza mara tatu, mara mbili kati ya hizo akatapika. Siku ya tatu na ya nne alichomwa diklofenaki tena. Siku ya nne macho yakawa ya manjano, jirani akasema ni homa ya ini, akaletewa glasi ya mwarobaini. Siku ya tano mkojo ukawa mweusi, na usiku wake ukawa haba. Dada yake, ambaye ana duka la rejareja na ana tabia ya kupima kila kitu, ndiye aliyeanza kuukusanya kwenye chupa.

Hiyo "malaria mbili" inastahili maneno machache. Watu wetu wanahesabu malaria kama mabao ya mpira: moja, mbili, tano. Chanzo ni namna slaidi inavyosomwa, ambapo mpimaji anahesabu vimelea kwa kulinganisha na chembe nyeupe, au anaandika alama za kujumlisha, na namba hiyo ikitoka maabara inageuka kipimo cha ukubwa wa ugonjwa. Mwenye mbili anajiona ana nafuu kuliko mwenye tano. Kwa malaria aina ya Plasmodium falciparum, ambayo ndiyo inayotawala kwetu, hesabu hiyo inaweza kukudanganya vibaya sana. Sababu iko kwenye mishipa.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa karibu maikromita 7 na nusu. Kapilari, mishipa midogo kupita yote, mingine haizidi maikromita 5. Chembe yenye afya hupita kwa kujikunja, kama abiria mnene anayeingia daladala kwa ubavu. Kimelea kikiingia ndani ya chembe na kuanza kukua, chembe inakakamaa, kujikunja inashindwa. Na si kukakamaa tu. Kimelea kinasukuma protini zake mpaka juu ya ngozi ya chembe, zinatokeza kama vifundo vidogo, na vifundo hivyo vinanasa kwenye kuta za ndani za mishipa. Chembe inajibandika hapo. Nyingine zinajikusanya na chembe zisizo na kimelea, zinakuwa kama kitawi cha zabibu. Faida kwa kimelea iko wazi: kikizunguka na damu kitapita kwenye bandama, na bandama huchuja na kuua. Kikijibandika kichochoroni, kinakua salama.

Mzunguko mzima wa kimelea ndani ya chembe ni saa 48. Nusu ya kwanza, kikiwa kichanga, kinatembea na damu, na ukichoma kidole utakikuta. Nusu ya pili kimejificha kwenye kuta za mishipa ya ubongo, utumbo, mapafu, figo. Kwa hiyo tone la damu ya kidole linakuonyesha watoto tu. Wazazi wamejificha mahali ambapo sindano haifiki. Mtu anaweza kuwa na "mbili" kwenye slaidi na umati mwilini.

Slaidi yetu ya kwanza ilikuwa na vimelea 248,000 kwa mikrolita moja ya damu, kwa hiyo mbili haikuwa mbili tena. Lakini kilichonisimamisha ni mstari ambao bwana maabara aliuongeza chini kwa kalamu yake, bila kuombwa: chembe nyeupe nyingi zina madoa ya kahawia. Madoa hayo ni masalia ya himoglobini, ile nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya chembe, iliyoliwa na vimelea. Chembe nyeupe zimeyameza baada ya vimelea vilivyokomaa kupasua chembe nyekundu. Ukiyaona kwa wingi, ujue kuna kizazi kikubwa kimepita au bado kimejibanza. Mstari huo mmoja ulikuwa na habari kuliko namba yote ya juu yake. Nilimfuata maabara kumshukuru, akashangaa. Alisema huwa hauulizwi.

Vipimo vingine vya siku ya kulazwa: joto 38.9, mapigo ya moyo 118, presha 104 kwa 62, pumzi 28 kwa dakika. Himoglobini 9.4. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 38,000. Sukari nzuri. Kreatinini 412, urea 31, taka mbili ambazo figo hutakiwa kuzitoa. Shirika la Afya Duniani linahesabu malaria kuwa kali kwa upande wa figo pale kreatinini inapozidi 265 au urea inapozidi 20, hata kama mgonjwa anaongea na bosi wake. Altrasaundi ilionyesha figo mbili za ukubwa wa kawaida, jambo lililotutuliza kidogo, kwa kuwa figo iliyokufa taratibu kwa miaka kwa kawaida huwa imesinyaa. Hizi zilikuwa zimeangushwa wiki hiyo hiyo.

Angalia presha hiyo tena: 104 kwa 62. Mikono yake ilikuwa ya moto, mshipa wa mkononi unapiga vizuri. Mtu wa namna hiyo huwezi kusema damu haizunguki. Na kweli, barabara kuu ilikuwa wazi. Foleni ilikuwa vichochoroni. Damu inatoka kwenye moyo vizuri, inafika mkoa, inafika wilaya, inakwama kwenye kijiji cha mwisho ambako oksijeni inatakiwa kushushwa. Tishu za huko zikikosa oksijeni zinaanza kuzalisha asidi, na mwili unajaribu kuitoa kwa kupumua haraka. Zile pumzi 28 hazikuwa za homa peke yake.

Figo ndicho kiungo kibaya zaidi kwa foleni kama hii kutokea. Zikiwa mbili tu, uzito wao haufiki nusu kilo, lakini zinapokea karibu moja ya tano ya damu yote inayotoka kwenye moyo. Kwa siku zinachuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu, kisha mirija yake midogo inarudisha karibu yote, inabaki lita moja au mbili ya kukojoa. Kurudisha huko ni kazi ya sulubu, inakula oksijeni nyingi, na sehemu ya ndani ya figo hata siku ya kawaida inaishi kwa oksijeni ya kubahatisha. Ikipunguzwa kidogo tu, mirija inaanza kufa.

Kwa fundi yalipiga mapigo matatu kwa pamoja. La kwanza ni hilo la vichochoro kuziba. La pili ndilo lililokuwa ndani ya chupa.

Tulichovya kijiti cha kupimia mkojo, kikageuka rangi hadi alama tatu za damu. Tulipouweka mkojo huo chini ya darubini, hapakuonekana chembe nyekundu. Ukikutana na hali hiyo kwa mwenye malaria, kinachopita kwenye mkojo kwa kawaida ni himoglobini iliyo huru. Chembe zenyewe zimepasukia ndani ya mishipa. Kila kimelea kinapokomaa kinapasua chembe yake, na kwa malaria hata chembe zisizo na kimelea hupasuka kwa wingi. Mwili una protini ya kuzoa himoglobini iliyomwagika, inaitwa haptoglobini, ila ina kikomo. Ikiisha, himoglobini inapita kwenye kichujio cha figo na kuingia kwenye mirija. Humo chuma chake kinachoma ukuta wa mirija, na mabaki yake yanaganda kuwa vizibo. Na kabla haijafika huko, ikiwa bado kwenye damu, himoglobini huru inainyonya naitriki oksidi, gesi ambayo mishipa huitumia kutanuka. Mishipa inajibana. Kumbuka mishipa hiyo tayari ina chembe zilizobandikwa kutani.

Mkojo huu mweusi una historia yake hapa kwetu. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 akichunguza wazungu wa koloni waliokuwa wakifa kwa homa ya mkojo mweusi. Alihitimisha kwamba kinachowaua ni kwinini, si malaria. Alikosea kwa kuifanya sumu kuwa sababu peke yake, lakini hakuwa mbali kabisa: wageni waliokuwa wakimeza kwinini kwa kukatisha katisha ndio waliopata sana hali hiyo, na ilipungua kwinini ilipopungua kutumika. Fundi hakumeza kwinini. Tulimwuliza pia kuhusu dawa nyingine zinazopasua damu kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hakuwa ametumia. Kwake malaria yenyewe ilitosha.

Pigo la tatu tulilileta sisi, yaani mfumo mzima wa duka la dawa na sindano. Figo ikiona damu inapungua, inatoa kemikali za kuutanua mshipa unaoingia kwenye kichujio ili uchujaji usisimame. Diklofenaki na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, wanazuia kemikali hizo. Kwa mtu mwenye afya na maji ya kutosha mwilini hutaona kitu. Kwa mtu mwenye homa siku nne, anayetapika, mwenye mishipa iliyobanwa, ni kumfungia bomba lililobaki wazi. Sindano tatu. Sidhani diklofenaki peke yake ingemfikisha kwenye kreatinini 412, ila naamini ilimnyang'anya akiba aliyokuwa nayo. Inaniudhi zaidi kwa sababu parasetamoli ilikuwa kwenye kabati hilo hilo la duka, kwa bei ndogo kuliko sindano. Na kuna jambo la ajabu hapa: utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba parasetamoli ikitolewa kwa ratiba kwa watu wazima wenye malaria kali inaweza kuikinga figo dhidi ya himoglobini iliyomwagika. Wagonjwa walikuwa wachache, nisikupe matumaini makubwa. Lakini ukilinganisha dawa moja inayoumiza figo na nyingine ambayo huenda ikaisaidia, zote za kushusha homa, uchaguzi si mgumu.

Tulianza atesuneti ya mshipa ndani ya nusu saa: miligramu 2.4 kwa kila kilo, mara ya kwanza, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku. Uzito wake kilo 70, kwa hiyo miligramu 168. Dawa hii haipunguzwi kwa sababu ya figo, tofauti na kwinini. Ubora wake hauna ubishi tena. Jaribio lililofanyika kusini mashariki mwa Asia lilitoa majibu mwaka 2005, vifo asilimia 15 kwa atesuneti na 22 kwa kwinini. La Afrika lilitoka 2010, watoto 5,425 katika nchi 9, Muheza mkoani Tanga ikiwa mojawapo ya vituo, vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Na kwa kisa chetu faida yake kubwa ni hii: inaua hata vimelea vichanga kabla havijapata muda wa kujibandika.

Ikafanya kazi yake. Slaidi ya saa 24 ilikuwa na vimelea 61,000. Ya saa 48, 1,400. Ya siku ya tatu haikuwa na kitu. Daktari mwanafunzi aliandika kwenye faili "anaendelea vizuri, malaria imeisha", na ndugu wakapiga simu nyumbani kutoa habari njema.

Dada hakupiga simu. Alikuwa na chupa yake. Siku ya kwanza tulimwekea mgonjwa mrija wa mkojo, na yeye akawa anamimina kutoka mfukoni kwenda kwenye chupa kila asubuhi, anabandika kipande cha plasta usawa wa mkojo na kuandika tarehe kwa kalamu ya wino. Siku ya kwanza mililita 190. Ya pili 140. Ya tatu 95. Ya nne 70. Vipande vinne vya plasta, kila kimoja chini ya mwenzake. Kwenye faili, kreatinini ilikuwa inapanda kama inavyoshuka plasta: 412, 563, 702, 861.

"Daktari, mbona mnasema amepona?" aliniuliza. Nilimwambia malaria imekufa ila figo bado hazijaamka. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa moto umezimika ila nyumba imeungua, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Ukuta wa mirija uliokufa haufufuki kwa kuwa kimelea kimeondoka. Inabidi seli mpya ziote, na hilo huchukua wiki.

Katikati ya siku hizo tulifanya kosa. Usiku wa pili daktari wa zamu aliona mkojo haupo, akafikiri kama tulivyofundishwa wote: hakojoi, maji yamepungua, ongeza dripu. Zikaingia lita mbili na nusu kwa saa sita. Hesabu yake ingekuwa sahihi kama foleni ingekuwa barabara kuu. Lakini maji hayabandui chembe iliyogandamana na ukuta wa kapilari, na figo iliyofunga mlango haiyatoi. Yanatafuta pa kwenda, na kwa malaria kali kuta za mishipa ya mapafu zinavuja. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani ameegemea mbele, pumzi 38, oksijeni asilimia 86, mapafu yote mawili yanatoa sauti ya kukwaruza chini. Simlaumu aliyekuwa zamu. Ningekuwa mimi miaka kumi iliyopita ningefanya vile vile.

Afrika Mashariki ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kuwa mwangalifu na dripu. Jaribio la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa 2011, lilichukua watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, zaidi ya nusu wakiwa na malaria. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na wasiopewa asilimia 7.3. Hao walikuwa watoto, na fundi ni mtu mzima, siwezi kuzihamisha namba hizo kama zilivyo. Lakini zilivunja imani kwamba dripu haina madhara. Mtu mwenye malaria aliyetapika siku tatu anastahili maji, ndiyo, kwa kupima. Akishajazwa na mkojo haujaja, dripu inayofuata inaenda mapafuni. Tulisimamisha, tukamweka kwenye oksijeni, na kuanzia hapo akawa anapata maji sawa na alichokojoa jana yake ukiongeza nusu lita hivi. Chupa ya dada ikawa ndiyo kipimo cha kikombe chake cha kunywa.

Siku ya nne potasiamu, chumvi ya damu ambayo figo hutakiwa kuitoa, ilifika 6.7. Hapo ndipo figo iliyofeli inapoua kwa ghafla, kwa njia ya moyo. Karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilikuwa na vile vilele virefu vyembamba, kama minara yake mwenyewe. Tulimpa kalsiamu kuulinda moyo, na insulini pamoja na sukari kuisukuma potasiamu ndani ya seli, lakini hizo ni saa chache za kukopa. Alihitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Bima hakuwa nayo. Kampuni ilimchukua kwa mkataba wa kazi kwa kazi. Ndugu walifungua grupu la WhatsApp, la ukoo upande mmoja na la mafundi wenzake upande wa pili, na hela ya mizunguko miwili ilipatikana kabla ya saa nane mchana. Pasipo mashine kuna njia ya kusafisha kupitia tumboni, maji yanaingizwa kwa mrija na kutolewa yakiwa yamebeba taka. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikiitumia kwa wagonjwa ambao figo zao zimefeli ghafla. Kwa malaria, utafiti mmoja wa Vietnam wa mwaka 2002 ulionyesha kuchuja damu moja kwa moja kunaokoa wengi zaidi kuliko njia ya tumbo. Ila ukiwa mbali na mashine, ya tumbo inashinda kungoja.

Alisafishwa mara sita kwa siku kumi na mbili. Kwa hizo siku hapakuwa na la kusimulia. Alikuwa amechoka, ana kwikwi, chakula kinanuka, na kila asubuhi dada anakuja na chupa yake na kunyamaza. Siku ya kumi na moja mkojo ulikuwa mililita 220, wa manjano. Siku ya kumi na tatu, 900. Siku ya kumi na sita alijaza chupa mara mbili, lita tatu na kitu, na hapo tukageuza maelekezo yote: sasa anywe, na anywe sana, maana figo zinachuja ila mirija inayopona haijajua bado kurudisha, na chumvi zinatoroka na maji. Mgonjwa ambaye jana ulimnyima glasi ya maji leo unamgombeza kwa kutoimaliza. Alitoka hospitali siku ya ishirini, kreatinini 268 na inashuka bila mashine.

Dawa ya mseto alikuwa ameshaimaliza wodini, dozi nzima, baada ya sindano. Hilo watu husahau: atesuneti peke yake haimalizi kazi.

Kabla hajaondoka tulikutana na jambo jingine. Siku ya kumi na tano himoglobini ilikuwa 8.6. Siku ya kumi na tisa, 6.2, bila kutokwa damu mahali popote na slaidi ikiwa safi. Huu ni upasukaji wa damu wa kuchelewa baada ya atesuneti, unaokuja kati ya wiki ya kwanza na ya nne. Bandama hutoa kimelea kilichokufa ndani ya chembe nyekundu na kuirudisha chembe kwenye mzunguko ikiwa hai, ila imechoka. Siku zake zikiisha, zinapasuka nyingi kwa wakati mmoja. Aliyekuwa na vimelea wengi ndiye anayeupata zaidi. Tulimwongeza uniti moja ya damu na kumpangia kupima kila wiki kwa mwezi. Nilihofia mkojo ungerudi mweusi, haukurudi.

Siku tisa baada ya kutoka, simu ya dada iliita saa mbili usiku. Fundi alikuwa amechoka na ana kichwa, wakapita zahanati jirani, kipimo cha haraka kikasoma chanya. Wameandikiwa mseto upya na sindano ya diklofenaki. Sindano haijachomwa, alisema, ameishika mkononi na karatasi yake.

Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Kilikuwa kinasoma kaburi. Nilimwambia asichome kitu, ampe parasetamoli, asubuhi waje tufanye slaidi na damu.

"Anakojoa kiasi gani?" niliuliza.

"Leo chupa nzima na robo," alisema. "Mweupe."

Slaidi ya asubuhi haikuwa na kimelea. Himoglobini 7.9, kreatinini 151. Sindano ya diklofenaki aliileta ndani ya mfuko wa nailoni, akaiacha juu ya meza ya zamu.